Rose au Sophia: ulaini, ukali, na rafiki anayetaka kurudi kwa mtalaka wake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tumemaliza kutazama The Golden Girls kwa mara ya pili, na tumeishia kubishana. Yeye anasema mshauri bora mle ndani ni Sophia kwa sababu hazunguki mbuyu. Mimi nasema ni Rose, maana sijamwona akimwacha mtu na kidonda kipya. Ubishi wenyewe si wa bure. Rafiki yangu anataka kurudiana na mtalaka wake, mwanamume aliyemkimbia na kumwachia madeni, na ameniuliza nina maoni gani. Mume wangu ananisukuma nimpasulie jipu kama Sophia. Mimi naogopa nitampoteza. Je, watunzi wa tamthilia ile walikuwa upande wa nani? Na swali dogo la pembeni: mbona kwenye meza ya jikoni kuna viti vitatu na wao wako wanne?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefundisha utunzi wa tamthilia za vichekesho kwa miaka mingi, na ubishi wenu huu huniingilia darasani kila mwaka. Niseme mapema kwamba nyote wawili mmekosea, tena kosa lenu ni moja. Mmesikiliza sauti ya mtu mkadhani ndiyo ushauri wake.

Kwa msomaji ambaye hakuwahi kuitazama: tamthilia hii ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia tarehe 14 Septemba 1985 hadi tarehe 9 Mei 1992, misimu 7, vipindi 180. Aliyeiasisi ni Susan Harris. Wanawake wanne wa umri mkubwa wanaishi nyumba moja mjini Miami. Blanche Devereaux ndiye mwenye nyumba, mjane wa kutoka majimbo ya kusini, anayependa wanaume na hafichi. Rose Nylund ni mjane pia, mtu wa St. Olaf huko Minnesota, kijiji cha kubuni ambako, ukimsikiliza yeye, hakuna mtu mwenye akili timamu. Dorothy Zbornak ni mwalimu, ameachwa na mumewe Stan baada ya miaka 38 ya ndoa. Halafu kuna mama yake Dorothy, Sophia Petrillo, mzaliwa wa Sicilia, ambaye alihamia kwao baada ya nyumba ya wazee ya Shady Pines kuungua.

Sasa tumchukue huyo Sophia wa mume wako.

Tangu kipindi cha kwanza tunaelezwa kwamba alipata kiharusi, na kwamba kiharusi hicho kiliharibu ile sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kusema kila kinachomjia. Watazamaji wengi hulisikia hilo mara moja wakalisahau. Sisi watu wa kazi hii hatulisahau, kwa sababu hapo ndipo watunzi walipomkatia Sophia leseni. Ukimpa mhusika ulimi wa wembe bila kumpa kisingizio, baada ya vipindi vitatu watu watamchukia. Sophia alipewa visingizio vitatu kwa mpigo: ugonjwa, uzee, na umama. Hata huo uzee ulitengenezwa. Estelle Getty, aliyemwigiza Sophia, alizaliwa Julai 1923, wakati Bea Arthur, aliyeigiza binti yake, alizaliwa Mei 1922. Mama alikuwa mdogo kuliko mwanawe kwa mwaka na zaidi! Ikabidi avalishwe wigi la mvi na kupakwa vipodozi vya kumzeesha, kwa sababu maneno yale yangetoka kwa mwanamke wa miaka 62 mwenye afya yake, yangekuwa matusi tu.

Kuna kisingizio cha nne, nacho ndicho ambacho mume wako hana habari nacho. Ni kicheko. Kipindi kilirekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Sophia akitupa neno, ukumbi unalipuka, na wakati watu wanacheka kamera inamgeukia aliyepigwa. Unaona uso wa Dorothy umeganda, macho yameelekezwa kwa mama yake, hasemi kitu. Bea Arthur aliweza kulikalia jicho lile mpaka kicheko kikaanza upya. Uso huo ndio unaotuambia kwamba hakuna aliyeumia, tuendelee. Kwenye sebule ya rafiki yako hakuna ukumbi wa kucheka. Utasema neno lako kali, litatua, halafu kutakuwa kimya, na uso utakaougeukia huenda usiwe wa Dorothy.

Tena tazama vizuri utaona Sophia mwenyewe ana breki. Akizidisha, Dorothy hutaja jina la Shady Pines, na bibi ananywea. Anaishi chini ya paa la watu, anajua. Mtu mkali asiye na wa kumtisha ni mhusika mwingine kabisa, na tamthilia hii haikuwahi kumwandika.

Kwa upande wako, mwanangu, hali si nzuri zaidi. Unasema Rose ni mpole. Ni kweli, lakini upole wa Rose katika vipindi vingi haumsaidii mtu yeyote. Mtu analia, Rose anaanza hadithi ya St. Olaf yenye majina yasiyotamkika na mnyama wa kufugwa aliyefanya maajabu, na kabla hajafika mwisho Dorothy amemkatiza. Hadithi zile zimeandikwa zishindwe. Huo ndio ucheshi wake. Ila zina faida moja ambayo huwa nawaonyesha wanafunzi: hadithi haimwelekezei mtu kidole. Sophia naye anazo, zile za Sicilia, na mara nyingi hadithi yake humfikia msikilizaji kuliko kemeo lake. Anayetaka anachukua maana, asiyetaka anacheka na kuendelea na keki yake. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Rose tatizo lake ni kwamba mafumbo yake hata kwa mwerevu hayaganguki.

Na je, unajua kwamba Betty White nusura asiwe Rose? Alikuwa amepata sifa miaka ya 1970 kwa kuigiza Sue Ann Nivens, mwanamke mwenye ulimi wa sumu na jicho la wanaume, kwa hiyo wazo la mwanzo lilikuwa awe Blanche, na Rue McClanahan awe Rose. Jay Sandrich, mwongozaji wa kipindi cha kwanza, ndiye aliyependekeza wabadilishane. Nikimtazama Rose huwa nalikumbuka hilo. Aliyeigiza upole ule alikuwa anajua fika ukali unavyonolewa, na kuna siku unaona makali yanang'aa kwa chini.

Basi rudini kwenye hicho kipindi cha kwanza, mkitazame upya nyote wawili, kwa sababu swali lenu limo mle, na jibu lake liko kinyume cha mnavyodhani.

Blanche anataka kuolewa na bwana anayeitwa Harry. Wamejuana muda mfupi. Dorothy, huyu msema kweli wenu mwenye sauti nzito, ananyamaza. Anayeona mashaka ni Rose. Anasema wazi kwamba mtu yule hamwamini. Siku ya harusi inafika, Blanche amependeza, na Rose anashindwa kuvumilia, anataka kumwambia. Dorothy anamziba mdomo na kumvuta pembeni. Yaani mkali ndiye anayemzuia mpole asiseme ukweli! Muda si mrefu anatokea afisa wa polisi na habari kwamba Harry anatafutwa, ameoa wanawake kadhaa bila kuwataliki. Kumbe Rose alikuwa sahihi.

Darasani huwa nasimamisha hapo na kuuliza: je, Dorothy alikosea? Nusu ya darasa husema ndiyo. Mimi huwa siko nao. Rose alikuwa na hisia tu, hakuwa na ushahidi wowote, na alikuwa na jambo lake pembeni: aliogopa Blanche akiolewa, yeye na Dorothy wangekosa pa kuishi. Blanche angemsikia vipi? Angesikia mpangaji anayetetea chumba chake. Dorothy, nadhani, alilijua hilo. Alijua kwamba neno la kweli likisemwa na mtu mwenye maslahi, tena saa ya mwisho, halifiki kama neno la kweli.

Kinachofuata ndicho kilichoiuza tamthilia hii, kwa maoni yangu. Blanche anajifungia chumbani siku nyingi. Hakuna anayemwambia "nilikuonya", ingawa Rose alikuwa na haki zote za kusema hivyo. Kisha asubuhi moja anatoka, anawaeleza wenzake kwamba alikuwa bafuni anaosha nywele, akasikia mtu anaimba kwa kuguna, akagundua ni yeye mwenyewe. Na sababu, anasema, ni wao, kwa kuwa wamekuwa familia yake. Hakuna ushauri uliotolewa pale, si mkali wala si laini. Walikuwepo tu nje ya mlango.

Kwa hiyo ukiniuliza watunzi walikuwa upande wa nani, jibu langu ni kwamba kila mhusika walimpa mazoea, na mazoea hayo wakayatumia kuchekesha. Ila walipotaka mtu asaidike kweli, walimvunjia mshauri mazoea yake. Sophia anasaidia pale anapouliza badala ya kutamka. Rose anasaidia pale anapong'ang'ana asiachie. Dorothy, pale anaposhusha sauti. Nikikumbuka vipindi vile 180, vile ninavyoweza kusimulia bila kuvitazama tena karibu vyote vina kitu hicho.

Chukua kile cha mwaka 1991, Clayton, kaka yake Blanche, anapokuja Miami na mwenzi wake Doug na kutangaza kwamba wanataka kufunga ndoa. Blanche anapandisha hasira. Anaona aibu, anaona watu watasema nini. Liache suala lenyewe kando kidogo utazame ufundi. Anayemfuata ni Sophia, na sisi tuliomzoea tunasubiri kofi la maneno. Haleti kofi. Anamuuliza swali: wewe kwa nini uliolewa na George? Blanche anajibu kwamba walipendana, walitaka kuahidiana maisha yote, na walitaka watu wote wajue. Sophia anamwambia kwamba hicho hicho ndicho Doug na Clayton wanachokitaka. Basi. Jibu lilitoka kinywani mwa Blanche mwenyewe, Sophia alimrudishia tu. Angeweza kumwita mnafiki, na kwa kawaida yake angemwita. Siku ile watunzi walimnyang'anya wembe wakampa kioo.

Rose naye ana siku yake, Septemba 1987, kipindi cha kufungua msimu wa tatu. Blanche kwa bahati mbaya amemgawa dubu wa kuchezea wa Rose, ambaye Rose anaye tangu utotoni, kwa msichana mdogo anayeitwa Daisy. (Aliyeigiza Daisy ni Jenny Lewis, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa muziki.) Mtoto yule anagundua dubu ana thamani kwa wenyewe, anamshikilia kama mateka na kudai malipo. Wenzake Rose wanabembeleza, wanatishia, wanashindwa. Mwishoni Rose anaketi na Daisy kwa upole wake wote, anazungumza kuhusu kuachilia vitu tunavyovipenda, unaona kabisa anajiandaa kumuaga dubu wake. Halafu ananyakua dubu, anamsukuma mtoto nje na kufunga mlango, akimwachia kauli kwamba wakati mwingine maisha hayana haki. Ukumbi ulikaribia kupasuka. Kwa nini? Kwa sababu misimu miwili mizima Rose alikuwa amejiwekea akiba. Ukali wa mtu mpole ni akiba, unautumia mara moja na unatosha. Ukali wa Sophia ulikuwa umetumika kila wiki, kwa hiyo haukuwa na uzito huo tena.

Lakini kipindi ninachokipenda kuliko vyote kwa habari hii ni cha msimu wa sita, mazishi ya Phil, mtoto wa kiume wa Sophia. Phil hatukuwahi kumwona. Tulisikia utani tu kwa miaka, kwamba alikuwa na mke na watoto na alipenda kuvaa nguo za kike. Sasa amefariki, na Sophia anakuja na hasira zote kwa mkwewe Angela, mjane wa Phil, ugomvi wa miaka na miaka. Hapa kuna wakali wawili uso kwa uso, maana Angela naye si wa kuchezewa. Brenda Vaccaro aliigiza kwa nguvu za ajabu. Wanapigana vijembe, na sisi tunacheka, na tunaanza kuona kwamba vijembe havifiki popote.

Anayeingia kati ni Rose. Kumbuka misimu ya mwanzo alifanya kazi ya kuwashauri watu waliofiwa, jambo ambalo watazamaji husahau kwa sababu ya mizaha ya St. Olaf. Rose hamwambii Sophia atulie, hamwambii Angela avumilie, ila anauliza. Sophia anajibu kwa kejeli, Rose anarudia swali. Sophia anageuza mada, Rose anamrudisha. Sauti haipandi hata kidogo, lakini haondoki pale. Mpaka Sophia anakubali kwamba chini ya hasira kuna aibu, kwamba kila alipomwona mwanawe amevaa vile alijiuliza yeye kama mama alikosea wapi. Na hapo ndipo anapolia, mtoto wake hayupo tena.

Niambie, ule ulikuwa ushauri laini au mkali? Mimi sijui nikuite wewe mshindi au mume wako. Rose alimgusa mama mfiwa mahali panapouma kuliko pote, mbele ya watu, siku ya mazishi. Hakuna neno la Sophia katika misimu yote saba lililokata hivyo. Alifanya kwa sauti ya mtu anayekumiminia chai, na asingeweza kufanya kwa sauti nyingine.

Sauti laini, kwa upande mwingine, inaweza kuua. Hapa namlenga kila anayeamini upole kama dini. Msimu wa tano ulifunguliwa mwaka 1989 kwa hadithi ya sehemu mbili, Dorothy ni mgonjwa, amechoka mpaka kuzungumza ni kazi, na daktari baada ya daktari haoni kitu. Anasafiri mpaka New York kwa mtaalamu anayeitwa Budd. Budd hamfokei. Ni mtulivu, ana suti, ana ofisi safi. Anamwambia, kwa utulivu ule ule, kwamba labda ni upweke na umri, na kwamba akapumzike safarini, akabadilishe rangi ya nywele. Dorothy anatoka pale akiwa na mashaka na akili yake mwenyewe. Baadaye daktari mwingine anamsikiliza na ugonjwa unapata jina, ule wa uchovu sugu. Susan Harris aliandika sehemu zile mwenyewe, naye alikuwa amepitia maradhi na madaktari wa namna hiyo, ndiyo maana kila mstari una jasho.

Kisha Dorothy anamkuta Budd mgahawani, anakula na mkewe. Unangoja Dorothy angurume, tunamjua. Hangurumi. Anasimama kando ya meza na kumweleza, neno kwa neno, kwamba alimwendea akiwa mgonjwa na mwenye hofu, naye akampuuza, na kwamba iko siku yeye Budd atakuwa upande ule mwingine wa kitanda. Mke wa Budd anajaribu kusikiliza na Budd anajaribu kumkatiza. Ni maneno makali kuliko yote aliyowahi kusema Dorothy, na ameyasema kwa sauti ya chini. Mkali alikuwa na heshima kuliko mstaarabu, kwa sababu alimweleza Budd kitu cha kweli kuhusu Budd, wakati Budd alimweleza Dorothy kitu alichokibuni ili amalize miadi.

Blanche nampitia haraka, si kwa kumdharau. Yeye ushauri wake mwingi ni kuhusu yeye mwenyewe, na ucheshi wake ni huo. Ila mwaka 1990 Rose alipongoja majibu ya kipimo cha VVU kutokana na damu aliyoongezewa hospitalini, akaanza kulalamika kwamba yeye ni mtu mwema na hastahili, ni Blanche aliyemjia juu: UKIMWI si ugonjwa wa watu wabaya, wala si Mungu anaadhibu dhambi. Alikuwa na haki ya kusema kwa ukali kwa sababu Rose, bila kujua, alikuwa amemtukana yeye kwanza. Wala hakumwacha mwenzake asubiri peke yake.

Sasa rafiki yako.

Umesema anataka kurudi kwa mtalaka wake, na hapo mume wako amechagua mfano mbaya kupita yote, maana tamthilia yenyewe ilimjaribu Sophia kwenye suala hilo hilo na Sophia akafeli. Kwa misimu sita alimpiga vijembe Stan mbele ya Dorothy. Alimwita kila jina. Hakuna mtu katika televisheni aliyemwonya binti yake kwa uwazi zaidi, tena alikuwa na ukweli wote upande wake, maana Stan alimwacha Dorothy kwa ajili ya msichana mhudumu wa ndege. Matokeo? Mwaka 1991 Dorothy alikubali kuolewa na Stan upya. Sophia akapinga kwa nguvu zote, na harusi ikapangwa vilevile. Kilichoivunja ni Stan mwenyewe, ambaye kwa wakati ule alikuwa ametajirika kwa kubuni kifaa cha kufungulia viazi vilivyookwa, na dakika za mwisho akamtaka bibi harusi atie saini mkataba wa kulinda mali zake. Dorothy akauona ukweli kwa macho yake, akakataa.

Mume wako atasema: basi kumbe Sophia alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi, ndiyo. Lakini alikuwa amelisema mara nyingi mno mpaka likawa kelele ya nyumba, kama friji. Dorothy hakulisikia tena. Mtu akimtukana mtalaka wako kila siku, wewe unaanza kumtetea hata pale usipotaka, kwa sababu kumtukana yeye ni kukwambia ulikuwa mpumbavu kumpenda.

Kwa hiyo usimpasulie jipu rafiki yako kuhusu huyo bwana. Tabia zake anazijua kuliko wewe. Madeni aliachiwa yeye. Lakini usimumunye maneno pia ukamwambia "fuata moyo wako", maana hapo utakuwa daktari Budd. Amekuuliza, na hilo linakupa nafasi ambayo Rose hakuwa nayo siku ya harusi ya Blanche. Fanya kama Sophia wa mwaka 1991: muulize kwa nini walitengana, umwache aseme yote mwenyewe. Kisha muulize nini kimebadilika, kwa huyo bwana, si kwake. Halafu ukae kimya kuliko unavyoona inafaa. Akigeuza mada, mrudishe mara moja, kama Rose alivyofanya kwenye mazishi. Akigeuza tena, mwache. Na ukiona lazima useme lako, liseme mara moja tu, kwa sauti ya chini, likiwa linahusu jambo ulilolishuhudia mwenyewe, mathalani wiki ile uliyomkuta analia juu ya bili, si tabia ya mwanamume kwa jumla. Hofu yako ya kumpoteza nayo mwambie wazi kabla hajaisoma usoni mwako na kuitafsiri vingine. Dorothy alimzuia Rose kwa sababu Rose alikuwa na chumba cha kutetea. Wewe hakikisha huna chako.

Kama bado anarudi, mpelekee salamu za heri na usimtanie. Namba yako ya simu isibadilike.

Ukitaka kumchokoza mume wako, mwambie kwamba katika wale wanne, wa kwanza kupata tuzo ya Emmy, ile ya televisheni ya Marekani, kwa tamthilia ile alikuwa Betty White, mwaka 1986. Estelle Getty alisubiri mpaka 1988. Haithibitishi kitu, lakini itakusaidia wakati wa chakula cha jioni.

Na kuhusu viti. Kamera zilikaa upande wa nne wa meza, pamoja na watazamaji wa ukumbini, kwa hiyo anayeketi upande huo angewapa mgongo. Watatu wanakaa, wa nne anabaki amesimama, kwa kawaida kwenye friji au kabati, akitafuta keki ya jibini. Kwa mtunzi hiyo ni zawadi, kwa sababu aliyesimama yuko karibu na mlango na anaweza kutoa neno lake akaondoka. Tazama tena uhesabu ni mara ngapi aliyesimama ni Sophia anayepita tu. Kisha tazama zile siku ambazo neno lake linamsaidia mtu, uone kama hajavuta kiti.